Udongo wa Mume Wangu Ulikuwa Maabara

Mimi ni mtu wa kucheka, lakini siku ile sikucheka. Walikuwa wanakarabati ile maabara ya udongo ya chuo kikuu, hapa kwetu Mbozi, na mimi ndiyo nawapikia mafundi. Asubuhi moja napeleka chai, nakuta wametoa machupa nje, mengi hayo! Kila chupa ina udongo na karatasi ya kijiji na jina la mwenye shamba. Huu wa Msangano, huu wa Hasamba, huu wa Chitete. Kusoma kwangu ni kwa kukokota, ila jina moja nalijua. La mume wangu.

Moyo ukafanya paa! Nikakumbuka. Wale wa chuo walikuja nyumbani kuomba udongo wa kupima, mume wangu mzima kabisa. Akawaonyesha mwenyewe, pembeni ya kahawa: "Chimbeni hapa, hapa ni pazuri." Wakachimba, wakaondoka nao. Kahawa haijaiva, mzee akafa. Ukoo ukatafuta pa kumzika, wakachagua palepale, na hakuna aliyewaambia wale wa chuo warudishe udongo.

Sasa sisi, udongo wa kaburi unarudishwa wote, hata wa kwenye jembe unakung'utwa. Na lile kaburi kila masika linabonyea. Tunajaza, linabonyea.

"Fundi, hiyo chupa nipe."

"Ngoja bibi, tunamwaga zote, tunasawazishia sakafu."

Nageuka kuweka birika chini, naangalia tena, keshaimimina na zingine.

"Wewe! Umemwaga mume wangu!"

"He! Bibi, mzee alikuwa anaenea kwenye chupa?"

Wakacheka wote. Nikamwonyesha karatasi, nikawaeleza. Kicheko kikakatika. Fundi akaweka koleo chini, akaenda kunawa mikono. Akanawa tena. Chai hakuna aliyeigusa.

Nikapiga magoti, nachagua kwa vidole. Utachagua nini? Mwekundu umeingia kwenye mweusi, mweusi kwenye kichanga. Nikazoa rundo zima kwenye kitenge, nikajitwika, na kila nikikaribia nyumbani mzigo unazidi uzito. Nikamwaga kaburini.

Masika imepita, halijabonyea. Limetuna, kama kifua cha mtu aliyevuta pumzi akaishikilia. Asubuhi nikipita namwamkia mzee kwa Kinyiha, kama zamani. Halafu nawaamkia na wale wengine wa kwenye machupa, kwa Kiswahili, maana sijui ni kina nani, na mimi ndiyo niliyewaleta.