Ua la Mama Ndani ya Folda

Mtaa mzima humwita Mama Nyuzi, kwa sababu hakuna siku utakayomkuta bila vipande vya uzi begani. Ana chumba kimoja cha kazi, mashine ya kutarizi inayoongozwa na kompyuta, na mdomo usiojua kupumzika. Asubuhi hiyo, hata hivyo, mdomo ulimkauka. Alifungua programu ya michoro, akabofya folda yake, akakuta peupe.

Michoro ya wateja angeichora upya huku akilalamika. Lakini humo ndimo lilimokuwa ua la mama yake. Mama alilitarizi kwa mkono kwenye kitambaa cha meza, enzi macho yake bado yanaona. Petali moja ikatoka fupi kwa kuwa uzi ulimwishia, naye hakuwa mtu wa kufumua. Mama Nyuzi alilinakili kwenye kompyuta, mshono kwa mshono. Kisha, kwa haraka zake, kitambaa chenyewe akakiloweka kwenye dawa ya madoa, kikatoka matundu matupu. Ua likabaki kwenye kompyuta tu.

Akampigia simu shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi wa kompyuta, ambaye jana yake alikuja kuirekebisha programu ile ile.

"Shemeji, umeniua! Umefuta kila kitu!"

"Mimi? Sijafuta hata nukta. Usiguse kitu, nakuja."

Alifika anahema, akaketi bila hata salamu. Mama Nyuzi akasimama nyuma yake. Fundi akakuna kichwa, akabofya huku na kule, kisha akacheka. Kucheka! Mama Nyuzi alitamani kumzaba kibao.

"Sikiliza, shemeji. Folda ya programu imefungwa. Akaunti yako ina ruhusa ya kusoma tu humo, siyo kuandika. Sasa kila uliposevu, kompyuta haikukwambia kitu. Ilichukua kazi yako kimyakimya, ikaiweka kwenye folda nyingine iliyofichwa. Wewe ukawa unaiona kama iko pale pale."

"Muda wote huu inanidanganya?"

"Tangu nikufungulie hiyo akaunti. Jana nikaipa programu mamlaka yote, basi ikaanza kutazama folda yake halisi. Na huko hakujawahi kuwa na kitu. Kosa langu, nilijifanya mjuaji."

Akaifungua folda iliyofichwa. Michoro yote ilikuwemo, na ua katikati, na petali yake fupi. Mama Nyuzi akajikuta sakafuni analia na kucheka kwa pamoja.

Fundi akaipokonya programu yale mamlaka. Michoro akaihamishia kwenye folda ya Mama Nyuzi mwenyewe, yenye ruhusa ya kuandika, na programu akaielekeza huko.

"Na kwenye flashi uniwekee," Mama Nyuzi akaamrisha, mdomo ushamrudia. "Mbili! Moja siiamini, kama nisivyokuamini wewe."

Mchana huo huo aliweka wateja kando, akalitarizi ua kwenye foronya, akaitia mto, akampelekea mama yake chumbani bila kusema ni nini. Mama, ambaye siku hizi huona mwanga tu, aliupapasa mto taratibu. Kidole kikazunguka petali moja moja, kikafika kwenye ile fupi, kikasimama.

"Hapa ndipo uzi uliponiishia," mama akasema, akaukumbatia mto.