Papa Germain na Wimbo wa Kuzima Jenereta

Papa Germain hatoki nyumbani bila kusoma mlango. Nyuma ya mlango wake hapa Likasi amebandika karatasi yenye herufi kubwa: makaa yamezimwa, bomba limefungwa, funguo, miwani, rozari. Anasoma kwa sauti, mstari kwa mstari, na mke wake Kabedi anatakiwa kujibu "tayari" kwa kila mmoja, hata kama ameshafika barabarani na jua linampiga. Mama yule ana subira, wacha niishie hapo.

Msimcheke. Alifanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye chumba cha umeme cha kiwanda, na huko hakuna mashine iliyowashwa kabla mmoja hajasoma orodha na mwingine kujibu. Kichwa cha mtu hudanganya, alikuwa akisema; kinakuambia umeshaangalia, kumbe uliangalia jana. Binti yao Laure ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Siku alipowasimulia kwamba na wao husoma orodha na kuhesabu vitambaa kabla ya kumshona mgonjwa tumbo, mzee alifurahi wiki nzima. Aliwatangazia majirani kwamba madaktari nao wamepata akili.

Basi, Germain ni Mkatoliki wa misa ya kwanza, lakini Kabedi anasali kwa Pasta Élie, kwenye kanisa la uamsho la barabara ya Kambove. Kila Jumapili mzee akitoka misa hupitia pale kumngoja mkewe. Anakaa benchi la nyuma, amekunja mikono, na watu wamemzoea. Ndivyo alivyoishuhudia shida ya Princesse kwa macho yake.

Princesse ni binti wa jirani yao, ana miaka kumi na tisa, na sauti yake ukiisikia unasahau ulichokuja kuomba. Yeye ndiye mwenye wimbo wa kufunga ibada. Tangu Januari umeme wa mji ulikuwa ukikatika kila Jumapili, na kanisa likatumia jenereta, groupe kama tunavyoiita huku. Na tangu Januari, Princesse akifika ubeti wa pili, groupe inazimika. Spika kimya, kinanda kimya, msichana amesimama mbele za watu na mdomo wazi. Akirudi kukaa, vijana wanavuta kamba na mashine inaunguruma kama haijawahi kuugua. Jumapili ya kwanza watu walicheka. Ya tano hakucheka mtu.

Siku za mazoezi, Jumatano, groupe ileile ilimvumilia hadi mwisho. Ungefikiri hilo lingemwokoa. Wapi! Mama Fortunée, kiongozi wa kwaya, alisema pepo hilo halina haja na mazoezi, linataka kanisa lijae. Mtu wa namna hiyo utabishana naye kwa lipi? Wazee wa kanisa wakakata shauri: Princesse aimbe Jumapili mbili za mwisho, kisha atoke kwenye kwaya na kuombewa mbele ya wote, pepo limtoke.

Princesse alikuja kulia kwa Kabedi.

"Banasema niko na mukosi, Papa Germain. Na minye naamini. Kila mara ni minye tu."

"Juu ya nini groupe inakufa?" mzee akauliza.

"Juu yangu."

"Nakuuliza groupe, mutoto yangu. Weye sijakuuliza."

Jumamosi alikwenda kuikagua ile mashine: mafuta, plagi, chujio. Ilikuwa nzima. Akamwomba Pasta Élie, ambaye ni mtu wa haki, jambo moja: Jumapili ile wimbo uleule uimbwe na Mama Fortunée. Pasta akakubali. Mama Fortunée akaimba kwa madaha, akafika ubeti wa pili, groupe ikazimika. Maskini, alirudi kukaa kitini, na kabla ya saa sita minong'ono ilikuwa imezagaa kwamba Princesse amemrushia lile pepo. Germain peke yake alikuwa anatabasamu. Aliandika daftarini: si mwimbaji, ni wimbo.

Lakini wimbo unazimaje mashine? Na mbona Jumatano haukuizima? Nyumbani aliandika kila kitu kinachokula umeme wa kanisa, akasoma, Kabedi akajibu. Spika, tayari. Kinanda, tayari. Taa, feni, tayari. Hesabu ilikaa sawa, groupe ilipaswa kuvibeba vyote bila jasho. Mzee alilala na hasira, maana orodha ilimjibu alichouliza tu.

Jumapili ya mwisho ya Princesse hakukaa kwenye benchi. Wimbo ulipoanza alishika waya palepale nje kwenye groupe, akaufuata kwa mkono ukutani, hadi kwenye kachumba kaliko nyuma ya mimbari. Akafungua mlango. Kabedi alikuwa ameinama, anachomeka birika la umeme.

"Unafanya nini?"

"Chai ya bapasta, ya kila Jumapili," Kabedi akasema. "Wimbo hii ikianza, najua banamaliza. Maji inapata moto, banakuta chai tayari."

Hakumaliza kusema. Groupe ikazimika, na upande wa pili wa ukuta sauti ya Princesse ikakatika. Kabedi alichomoa birika kwa kero, kama alivyofanya kila Jumapili, akavuta mbabula, jiko lake la makaa. Hakuwa amewaza lolote. Birika si spika.

Germain alikuwa anaitazama soketi, ile prise ya ukutani. Aliifunga yeye mwenyewe mwezi wa kumi na moja, kwa kumwonea huruma mkewe aliyekuwa akipuliza makaa ya chai hiyo kila Jumapili. Aliijaribu kwa umeme wa mji, maji yakachemka, wakafurahi wote wawili. Ilikuwa kazi ya dakika ishirini. Hakuiandikia orodha, wala hakujiuliza kama siku ya groupe mashine itaweza kubeba birika juu ya spika na kinanda.

"Tufiche birika," Kabedi akanong'ona, ameshaelewa. "Itaisha yenyewe. Nani atajua?"

Ingeisha kweli. Wangemwombea Princesse, groupe isingezimika tena, na kanisa zima lingeshuhudia kwamba pepo limetoka. Msichana angeolewa, angezaa, angezeeka, bado akiitwa yule aliyetolewa pepo. Germain aliwaza hayo, akashika birika kwa mkono mmoja na mkono wa mkewe kwa mwingine, wakaingia kanisani.

Aliomba groupe iwashwe na watu wote wanyamaze, mtu asiimbe. Kabedi akarudi kuchomeka birika. Mashine ikaguna, ikafa. Walirudia mara mbili, kwa sababu Mama Fortunée alitaka kuona vizuri, kisha Kabedi akalileta birika mbele.

"Ile prise niliiweka minye," Germain akasema. "Haiko pepo. Haiko Princesse. Ni minye sikuangalia. Unisamehe, mutoto yangu."

Princesse aliinuka, akamsogelea.

"Papa Germain," akasema, "tangu Pasaka naomba Mungu aniondolee hii sauti. Kila siku. Nilifunga hata kula."

Mzee, ambaye wanawe hawajawahi kumwona akilia, alilia pale mbele ya Walokole, birika likiwa miguuni pake. Pasta Élie alitaka kuomba, Princesse akamzuia kwa mkono. Groupe ilikuwa bado imezimika na hakuna aliyekwenda kuiwasha. Akaanza wimbo bila spika wala kinanda, akapita ubeti wa pili, akaingia wa tatu, ambao kanisa lile halikuwa limeusikia Jumapili yoyote tangu Januari.