Mtihani wa Mawingu Kinyerezi
Sekela alikuwa na leseni ya kurusha ndege ndogo, na bado wifi yake Jovina alimwita "mwanafunzi" kwa sauti ile ile ambayo wengine husemea "mzigo". Waliishi Kinyerezi, nyumbani kwa Godlisten, kaka yake Sekela na mume wa Jovina. Ili aajiriwe na shirika la ndege, Sekela alibakiza somo moja tu, hali ya hewa, na somo hilo lilikuwa limemwangusha mara mbili. Kaka mtu alishatamka: akifeli tena, arudi Tukuyu akatafute kazi ya maana.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe, na ndilo lililomuuma. Vitabu vyenyewe vimeandikwa Ulaya, vimejaa theluji na barafu ya kwenye mabawa. Kule upepo huzunguka mgandamizo mdogo wa hewa kinyume cha saa. Kwetu huku kusini mwa ikweta hufuata mwendo wa saa. Sekela, kwa haraka zake, aliyajibu maswali ya kule Ulaya kama mtu aliyesimama Pugu, hapa jirani na Kinyerezi.

Jovina alikipenda kisa hicho kupita kiasi. Jumuiya ya kanisa ilipokuja kusali sebuleni kwao, ulipofika wakati wa kutoa maombi, yeye ndiye aliyewahi kusimama.

"Wapendwa, tumwombee wifi yangu. Ule mtihani wa mawingu unamtesa. Mungu amfungue akili, na kama si fungu lake, basi ampe moyo wa kukubali kuolewa."

Watu wakaitikia amina. Sekela naye akaitikia, meno kayauma kwa hasira. Ametukanwa mbele ya majirani na haruhusiwi hata kununa, maana nani atagombana na sala?

Akasoma kwa chuki. Na chuki, kusema kweli, ilimkalisha kitini kuliko kahawa. Kila swali, kabla hajaligusa, alichora duara la dunia na kujiuliza yuko upande gani. Safari hii alifaulu, tena vizuri.

Jumuiya iliporudi, Jovina alisimama kabla watu hawajamaliza kukaa.

"Bwana asifiwe! Nilifunga, nikalia, Mungu kanijibu! Wifi yangu kafaulu!"

Vigelegele vikapigwa. Akina mama wakamkumbatia Jovina, wakampa pole ya kufunga, na Godlisten akamtazama mkewe kwa fahari. Sekela akangoja kelele zitulie, kisha akainuka.

"Asante, wifi. Na zile mara mbili nilizofeli, ulikuwa unaomba nini?"