Taa Niliyoviwashia Vimeng'enya

Wenzangu, nimechoka hata kujicheka, ila hili acha niwaambie. Hapa Mtinko kuku wanakufa, na Daktari aliyekuja na mashine ya kusoma vinasaba, ajue ni ugonjwa gani, alipanga chumba kwetu. Mimi kazi yangu kumshikia kuku na kufagia, huku naota siku moja nitaitwa mtaalamu.

Alinieleza vizuri kabisa. Kwenye vichupa vilivyofunikwa foili kuna vinasaba kutoka kwenye damu ya kuku wagonjwa wa Bibi Mwanaidi, jirani yetu, pamoja na vimeng'enya vya kuvikata ili mashine ivisome. Vimeng'enya vinalala gizani. Ukivimulika kidogo kwa taa ya zambarau, vinaamka na kukata.

Jana asubuhi nikavionea huruma. Kwetu kifaranga dhaifu humwachi gizani, unamwashia taa ashinde nayo, apate nguvu. Basi nikafunua foili, nikawasha ile taa ya zambarau, nikaenda zangu kuchota maji.

Mchana Daktari akarudi na Bibi. Akasimama mlangoni.

"Nani kawasha taa?"

"Mimi, Daktari. Nimeviamsha mapema, vikate vizuri."

Akaketi taratibu. "Vimekata mpaka hakuna cha kusoma. Bibi, tupate damu nyingine."

"Ya nani, mwanangu? Wagonjwa wote tumeshawafukia. Amebaki mtetea mmoja, na ni mzima."

Kisha Bibi akanigeukia. "Wewe mjukuu wangu, nenda ukakae naye. Akiugua, utatuambia unamwashia taa ipi."