Pua ya Wifi Yangu

Mke wa kaka yangu anaitwa Mama Pua, na hakuna anayemwonea kwa kumwita hivyo. Pua yenyewe ukiiona ni ndogo tu, haina makuu, lakini dukani kwetu ndiyo mizani. Anamimina tangawizi, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga kwenye beseni, anakoroga, anainama, anavuta pumzi, anasema, "Bado," anaongeza iliki. Akinyamaza ujue viungo vya chai viko tayari. Kazi yangu mimi ni mashine ya kusaga na maneno.

Wateja hawaji kwa ajili ya sufuria peke yake. Mwenye jino linalomsumbua anapewa karafuu ya kutafuna, mwenye tumbo lililojaa gesi anaambiwa achemshe bizari nyembamba. Ila akija mtu wa kikohozi kisichoisha, tena ana homa, wifi hamuuzii hata punje. "Nenda hospitali kwanza. Mimi nauza tangawizi, siuzi mapafu."

Basi mafua yakampata mwenyewe, tena mafua ya kumlaza kitandani. Alipopona akarudi kazini, mpole kupita kiasi, na mimi nikaona nafasi ya kumchokoza. Nina marashi yangu ambayo wifi hayapendi hata kuyasikia. Husema yanaivunjia iliki heshima, na nikijipaka hunifukuza nikasimame barabarani. Asubuhi hiyo nikajimwagia shingoni na mikononi, nikaenda kumsimamia karibu kabisa. Kimya. Nikajua leo nimemweza. Nani asiyejua raha ya kumshinda wifi? Nikaimba kutwa.

Sasa, mashine yetu ina sheria yake. Ukishasaga pilipili, husagi kitu kingine mpaka upitishe mchele mkavu wa kuisafisha. Unga wa mchele huo unanuswa. Ukiwasha puani, unapitisha mchele mwingine. Mnusaji ni wifi. Siku ile ile nilisaga pilipili, nikapitisha mchele, nikampelekea unga kiganjani. Akainama, akavuta pumzi. "Safi. Weka vya chai."

Kesho yake akaingia jirani yetu, fundi cherehani, macho mekundu.

"Jamani, mmeniuzia chai au ugomvi?"

"Kuna nini?" nikauliza.

"Nimemchemshia mama, si mnajua kifua kinambana. Kanywa funda moja tu, pilipili ikamwasha koo zima!"

"Yukoje sasa?"

"Yuko salama, anakunywa maji na kuwataja. Kifua kimefunguka, na mdomo nao umefunguka."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Wifi hakucheka. Alimwomba fundi radhi, akaenda kukaa nyuma ya magunia. Nikamfuata.

"Sisikii harufu," akasema. "Tangu yale mafua. Karafuu, kitunguu, nepi ya mtoto, vyote kwangu ni maji. Nilidhani yatapita nikanyamaza. Isiporudi hii pua, wifi, mimi hapa ni nani?"

Kicheko kikanikauka. Kumbe sikuwa nimemshinda mtu. Nikamshika mkono mpaka hospitali, na daktari akamsikiliza vizuri. Alisema mafua yanaweza kufanya hivyo, wengi hurudiwa na harufu polepole, lakini hawezi kumwahidi. Kila siku anuse vitu vikali anavyovijua, kama karafuu, bila kukata tamaa.

"Daktari," wifi akasema, "umeniandikia duka langu."

Tulirudi tukicheka, lakini beseni alilipandisha juu ya rafu, akaligeuza kichwa chini. Aliuza viungo vizima vizima, akakataa kuchanganya kwa kubahatisha. Nilijaribu mimi, fundi akasema mchanganyiko wangu unafaa kufukuzia mende. Kila asubuhi wifi alifungua kopo la karafuu, akaingiza pua, akatikisa kichwa, akalifunga. Na mimi kila asubuhi nilijipaka marashi yangu. Safari hii si uchokozi. Nilisimama karibu naye nikingoja kutukanwa, na kimya chake kiliniuma.

Mchana mmoja nilikuwa nakaanga bizari nyembamba, huku nabishana na fundi mlangoni. Alikuwa amenishonea gauni lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwenziwe, na anasema kosa ni la bega langu. Wifi alikuwa nyuma, anafunga magunia.

"Wee wifi, unaunguza!"

Nikageuka mbio. Kweli, bizari ilikuwa nyeusi. Nikaepua kikaango, nikasimama nacho mkononi.

"Umeona moshi?"

"Nitauonea wapi huku nyuma? Si ina..." Akaishia hapo. Akatoka taratibu, mkono mdomoni. Akalichukua kopo la karafuu, akainama, akakaa humo muda mrefu.

"Ipo," akasema, machozi yanamtoka. "Kwa mbali, lakini ipo."

Fundi akapiga makofi kama yeye ndiye daktari. Mimi nikatupa kikaango, nikamkumbatia wifi kwa nguvu zangu zote. Naye akanikumbatia, kisha ghafla akanisukuma kwa mikono miwili, uso umekunjamana.

"Mungu wangu, na wewe unanuka nini hicho? Hebu kasimame barabarani!"

Nikaenda kusimama barabarani, nalia na kucheka mbele ya wapita njia, na ndani nikasikia beseni linashushwa.