Kisanduku cha Tisa

Mimi ni fundi cherehani, na wivu ninao, sikatai. Pale stendi waliweka mashine ya kuuzia mitumba: visanduku vya kioo, unaweka kitu chako, unaandika maelezo, mnunuzi analipa kwa simu na mlango unafunguka. Kisanduku cha tisa nikaweka koti la bluu nililolishona mwenyewe, nimelivaa mara mbili tu. Wiki tatu likaning'inia humo kama limepewa adhabu.

Cha kumi kilikuwa cha wifi yangu, dada wa mume wangu. Huyo akiweka mkoba uliochubuka, jioni haupo. Akiweka pasi kuukuu, nayo imeshakwenda.

"Mashine imenipenda, wifi," ananiambia huku anacheka.

 Alipoweka sufuria, nikainunua mimi kwa siri, nijue anawafanyia nini wateja. Ndani nikakuta kikaratasi: "Asante kwa kununua. Hilo koti la bluu hapo jirani limeshonwa na wifi yangu, hakuna fundi kama yeye. Amesahau tu kuandika saizi. Ningemwambia, ila ana hasira za karibu."

Miaka ishirini nazunguka na futi ya kupimia shingoni! Nikarudi stendi mbio, nikaandika saizi. Kesho yake koti likanunuliwa.

Siku hizi wifi akibisha hodi, naisukuma kwanza sufuria yake uvunguni, ndipo namfungulia mlango.