Karatasi Safi ya Mama Chapa

Mama Chapa hakuwa na wivu. Alijisemea hivyo kila asubuhi, macho kayakaza ng'ambo ya barabara kuona ni wakili gani anaingia kibandani kwa mdogo wake.

Yeye alikuwa mchapaji mbele ya lango la mahakama tangu enzi za mashine za kugonga. Mdogo wake alijifunzia kuchapa hapo hapo, kwenye kiti kile kile. Sasa ana kibanda chake, waya zimetapakaa kama utumbo, kazi yake kutoa ujumbe kwenye simu za watu, kisha kumwapia hakimu kwamba hakuugusa.

"Anakula kwa kuapa!" Mama Chapa alibeza. "Mwenzake vidole vimekufa ganzi."

Mawakili walihamia ng'ambo mmoja mmoja. Aliyebaki ni Wakili Miwani. Huyo naye akihama, ni kufunga duka.

Ndiyo maana Miwani alipoleta simu ya fundi cherehani aliyetolewa kwenye chumba alichopanga, Mama Chapa aliidaka. Humo mwenye nyumba alikuwa ameandika kwamba fundi atakaa mpaka mwisho wa mwaka.

"Au nimpelekee mdogo wako?" Miwani aliuliza.

"Ya nini? Niachie mimi."

Akauchapa ujumbe upya kwa herufi za kupendeza. Salamu akatoa, matusi akafuta, tarehe akaipandisha juu katikati. Karatasi ikatakata kama sahani ya wageni.

Mahakamani, wakili wa mwenye nyumba aliinyanyua kwa ncha za vidole. "Mheshimiwa, hii imetoka kwenye simu au kwa dobi?"

Watu wakacheka. Hakimu akaikataa. Alitaka ujumbe wenyewe kama ulivyo, na kiapo cha aliyeutoa, kabla ya mchana.

Miwani akarudi mbio, jasho linamtiririka. "Mama, nipe simu niipeleke ng'ambo."

Simu ilikuwa kwenye droo. Mama Chapa akaweka mkono juu yake, asiifungue. Nyuma ya wakili alisimama fundi, futi ya kupimia ingali shingoni. "Mama, vyombo vyangu viko nje, na mawingu hayo yanakuja."

"Naipeleka mwenyewe," Mama Chapa akasema.

Hakuwahi kukanyaga kile kibanda.

"Dada! Umepotea njia?"

"Acha maneno. Toa ujumbe huu."

"Si ungeuleta jana?"

"Ufurahi?"

"Ningefurahi sana," mdogo mtu akakiri, akichomeka waya.

Mama Chapa akavuta kiti. "Sikiliza. Simu zikija kwangu, nakuletea. Maombi na mikataba ya kuchapa, unaniletea. Mkono kwa mkono."

"Mahakama inakungoja, wewe unapatana?"

"Wewe si unafanya kazi? Mimi nakaa bure?"

Mdogo mtu akacheka. "Haya, nimekubali."

Ujumbe ukatoka na salamu zake, matusi yake na saa zake, mdogo mtu akatia sahihi kiapo. Hakimu alipoyasoma yale matusi, mwenye nyumba akainamisha kichwa. Kila aliyemjua aliijua ile lugha. Fundi akarudishiwa chumba kabla mvua haijashuka.

Wakili Miwani alitoka akicheka, akavuka barabara moja kwa moja kumshukuru mdogo mtu. Kwa Mama Chapa alipunga mkono tu.

Mama Chapa akamwona. Akachukua kiti chake, akavuka nacho.

"Sogea," akamwambia mdogo wake. "Nataka kuona huo waya unaingia wapi."